Betri Iliyojaa Upesi

Kioko alinipigia simu siku ya Ijumaa, nimetoka kuswali, kuniambia kwamba baba yake amefariki. Alisema taratibu, si kama yule Kioko niliyemjua zamani. "Beka, mzee ametuacha. Mpaka juzi alikuwa anakuulizia. Anasema, yule kijana wangu wa betri yuko wapi?" Nilimpa pole, nikamwambia nitakuja, kisha nikakaa kwenye benchi la kibanda changu hapa Msambweni bila kushika kazi yoyote. Mteja alikuwa amesimama mbele yangu na betri ya msumeno mkononi, akidhani napiga hesabu ya bei. Nilikuwa nafikiri kwamba Fundi Mutiso aliniita kijana wake wa betri mpaka mwisho, na kwamba katika majina yote niliyowahi kuitwa hakuna linalonitia haya kama hilo.

Mimi huandika polepole. Nilisoma mpaka darasa la nane kule Jego, na tangu hapo kalamu naishika kwa nadra. Habari za kwetu, nani alimzaa nani, sitaziandika. Nitaandika mwaka mmoja tu, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilipokuwa kijana wa kuajiriwa katika karakana ya Fundi Mutiso pale Ukunda. Ulikuwa mwaka mbaya. Hoteli za Diani zilikuwa tupu, vitanda vya kuotea jua vimerundikwa ukutani, na walinzi wakilinda mabwawa ya kuogelea yasiyo na maji. Fundi, aliyekuwa akiishi kwa kutengeneza viti na vitanda vya hoteli, alibaki na milango ya vyumba vya kupangisha, na majeneza.

Karakana yenyewe ilikuwa ya mabati, nyuma ya kinu cha kusagia mahindi. Vumbi la unga lilipita kwenye nafasi za mabati likatua juu ya kila kitu, hata juu ya vanishi mbichi, ndiyo maana majeneza ya Fundi Mutiso ukiyapapasa yalikuwa na chembechembe. Mimi na Kioko tulilala chumba cha nyuma, juu ya vitanda tulivyovipigilia wenyewe kwa mabaki ya mbao. Chakula alipika Mama Kioko, mahindi yaliyokobolewa yakachemshwa na maharagwe, kila siku, mpaka siku moja aliona ninavyokula kwa kujilazimisha akakuna nazi akaitia ndani. Kioko akaonja akaweka kijiko chini. "Mama, hii si muthokoi tena. Umetupikia harusi ya Wadigo." Mama yake akamwambia, "Kula au ukalale. Mwenzako hasemi, lazima mtu amwangalie usoni ajue ana njaa." Kila Ijumaa baada ya hapo palikuwa na nazi.

Ni kweli nilikuwa sisemi. Si kwamba sikuwa na la kusema. Maneno yalikuja, yakafika shingoni, yakakaa. Mbele ya wageni nilijibu salamu, nikaangalia miguu yangu. Kwa hiyo hoteli moja ilipouza vifaa vyake vya ukarabati, na Fundi akanunua drili ya betri pamoja na betri zake mbili ambazo mtu wa hoteli alikiri kwamba hazishiki chaji, Fundi aliziweka mbele yangu akasema, "Bakari, wewe husemi. Basi kaa na hizi, nazo hazisemi. Mtaelewana."

Tulielewana. Ukifungua betri ya drili unakuta ndani mawe madogo kama mawe ya tochi, yamepangwa yakaunganishwa kwa vipande vya bati, na pakiti nzima hufa kwa sababu ya mawe mawili matatu tu. Nilikuwa na balbu ya tochi na nyaya mbili. Niligusa jiwe moja moja. Zima liliwasha balbu nyeupe, chovu liliwasha nyekundu kama jicho la mgonjwa, na lililolala halikuwasha kitu. Fundi umeme wa magari aliyekuwa ng'ambo ya barabara alinionyesha namna ya kuliamsha lililolala. Unachukua nyaya nene kutoka betri ya gari, unaligusa kwa muda wa kufumba jicho, cheche inaruka, unaacha. Mara nyingi jiwe huamka. Lisipoamka, unalitoa na kuweka jingine kutoka pakiti iliyokufa zaidi, unaunganisha kwa risasi ya kulehemu. Halafu unaosha mikono kwa sabuni kabla ya kula, maana ule unga mweupe unaotoka kwenye mawe ni sumu.

Kioko alipoiona drili inazunguka mara ya kwanza alitoka nje akawatangazia watu wa kinuni. "Mazee, Beka anafufua wafu huku." Nikamwambia asiseme hivyo, kufufua ni kazi ya Mwenyezi Mungu. "Mimi naamsha tu," nikasema. Neno likashika. Mafundi wakaja kutoka Tiwi, kutoka Diani, mmoja kutoka kisiwani Chale, wanauliza, "Yule anayeamsha betri yuko?" Hakuna aliyewahi kuuliza habari zangu kabla ya mwaka ule. Nilijifunza pia kuzitunza. Betri usiiache kwenye chaja kutwa kucha. Usiiweke juani juu ya bati. Ikitoka kazini ina joto, iache ipoe kwanza ndipo uichaji. Zangu nilizipumzisha kivulini kando ya mtungi wa maji, na Kioko alikuwa akizisalimia akipita, "Hamjambo wagonjwa."

Lakini kulikuwa na fundisho moja ambalo yule mtu wa hoteli alilitoa siku ya kuuza, nami nikalishika kama aya. Alisema betri ikichajiwa ikiwa bado na kitu ndani huwa mvivu, hukumbuka uvivu wake, na siku nyingine hufanya kazi nusu tu. Dawa yake ni kuimaliza kabisa kwanza. Nami nikakata ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli, nikawa naufunga kwenye kitufe cha drili na kuiacha ijizungukie yenyewe juu ya benchi, taratibu, taratibu, mpaka isimame. Nilijiona mtu mwenye bidii. Leo vijana wanaoleta betri zao kwangu nawakataza jambo hilo kabla hata ya kuwasalimu. Mawe ndani ya pakiti hayalingani nguvu. Lile dhaifu humalizika kwanza, na wenzake kwa kuwa bado wana nguvu huendelea kulisukuma mpaka linapinduka, kichwa chini miguu juu. Likishapinduka, pakiti imekwisha, hata kama kwa nje inaonekana nzima. Sikulijua hilo wakati ule. Nilichokijua, kwa kuona tu na kwa mara nyingi, ni kwamba betri ambayo taa ya chaja yake inageuka kijani upesi kupita kiasi haina kitu ndani. Hilo nililijua vizuri.

Wateja wetu wa majeneza walikuwa Wakristo wa bara waliopewa mashamba kule Shimba Hills. Kwetu maiti hatumtii kwenye sanduku. Tuna jeneza la msikiti, linampeleka mtu likarudi kumsubiri mwingine, na mwenyewe hulazwa mwanandani, ndani ya kaburi, akafunikwa mbao za viunza, haraka, kabla jua halijatua ikiwezekana. Wao walimleta marehemu nyumbani, wakamfungua watu wamwone uso, halafu kifuniko kikafungwa pale pale uani mbele ya wote. Mafundi wengine walifunga kwa misumari. Fundi Mutiso alifunga kwa skrubu na drili, na ndiyo iliyomletea kazi, maana huko mashambani hakukuwa na umeme na hakuna fundi mwingine aliyekuwa na mashine isiyohitaji waya.

Mama Ndanu alikuja karakana na shemeji yake, Nzioka, siku mbili baada ya mumewe kufariki. Walitoka Lukore. Alikuwa mwanamke mrefu, viatu vyake vimejaa udongo mwekundu, na alikataa kukaa. Shemeji ndiye aliyezungumza habari za vipimo na mbao. Yeye alisubiri amalize, akasema, "Fundi, mimi nina neno moja tu. Sitaki nyundo."

"Hakuna nyundo, mama," Fundi akamwambia.

"Nisikilize. Nilizika mtoto wangu wa kwanza. Walimpigilia misumari nikiwa nimesimama pale. Mpaka leo mtu akitengeneza banda la mbuzi, mimi naondoka nyumbani naenda mtoni. Shemeji anajua."

"Ni kweli," Nzioka akasema. "Hata mlango wetu umelegea mwaka wa pili huu, hatuugongi."

"Mama, mimi natumia mashine," Fundi akasema. "Utasikia kama nyuki anapita. Muulize huyu," akanionyesha mimi kwa kidevu, "huyu ndiye mwenye betri."

Mama Ndanu akanigeukia. Nilikuwa na kofia yangu ya kuswalia kichwani, nimeshika balbu na nyaya zangu. "Shikamoo," nikasema. "Marahaba, mwanangu," akaitikia, na akaendelea kunitazama, kwa sababu alikuwa akingoja jibu. Niliinamisha kichwa mara moja, kama kusema ndiyo. Hilo ndilo lililokuwa ahadi yangu kwake, na nadhani aliipokea kama ahadi.

Nilitaka betri ile iwe bora kuliko siku zote. Ilikuwa moja tu. Ya pili alikuwa ameiazima yule fundi wa Chale. Jioni ya kuamkia mazishi niliifunga mpira kwenye kitufe nikaiacha izunguke mpaka isimame, na hata iliposimama sikuifungua. Niliiacha imefungwa hivyo hivyo, nikisema moyoni hata kama kumebaki tone la uvivu litoke. Alfajiri niliiweka kwenye chaja. Nilikwenda kunywa chai kwa Mama Kioko. Chai haijapoa kikombeni, nikarudi kuangalia, nikakuta taa ni ya kijani.

Najua nilivyosimama pale. Niliitoa, nikaipapasa, ilikuwa baridi. Betri iliyokula umeme ikashiba huwa na uvuguvugu. Fundi alikuwa nje na Kioko wanapakia jeneza kwenye pikapu ya kukodi, na mwenye pikapu analalamika kwamba barabara ya Lukore imeharibika na wingu linapanda. Nilimwendea Fundi. "Imejaa upesi," nikamwambia.

"Vizuri," akasema. "Ilete."

Niliyasema maneno yale mawili kwa maana niliyoijua mimi, naye akayapokea kwa maana ya mtu yeyote. Nilitakiwa kuongeza neno moja, la kusema kwamba upesi ni ubaya. Mwenye pikapu alikuwa anatutazama. Kioko akasema, "Daktari, panda basi, wagonjwa watakuchelewesha." Nikapanda nyuma, kando ya jeneza, betri nimeipakata mapajani. Njia nzima nilijiambia kwamba labda safari hii nimeifanyia kazi vizuri mno ndiyo maana imejaa upesi.

Uani kwa Mama Ndanu kulikuwa na watu wengi. Mchungaji alihubiri, watu wakapita kumtazama marehemu, kifuniko kikawekwa. Mama Ndanu alikaa kwenye kiti mbele kabisa, wanawake wawili wamemshika mabega. Fundi alipiga magoti akaweka skrubu ya kwanza. Drili ikalia, skrubu ikaingia, na nilimwona Mama Ndanu anashusha pumzi. Skrubu ya pili ilifika nusu. Sauti ikawa nzito, kama mtu anayepandisha mlima na mzigo, ikasimama.

Fundi akaitikisa. Akaigeuza mkononi. Akaniita kwa sauti ya chini, "Bakari, hebu iangalie." Nilipita katikati ya watu wale wote. Niliichomoa betri, nikafuta vyuma vyake kwa shati, nikairudisha. Betri iliyopinduka ikipumzishwa kidogo hurudi na pumzi ya uongo. Ilizunguka robo, ikasimama. Nikaichomoa tena, nikaipasha kwa viganja, nikairudisha, ikazunguka chini ya hapo. Kila ilipolia watu walinyanyua vichwa. Mtoto mmoja akauliza, "Imekufa pia?" na mamake akamfinya.

Skrubu zile zilikuwa za kichwa cha nyota. Bisibisi ya mkono ya nyota tulikuwa hatubebi tena tangu tupate drili. Kioko alijaribu kwa ncha ya kisu, kikateleza, kikachubua mbao. Mchungaji akatazama juu. Wingu lilikuwa limefika. Wazee wakanong'onezana na Nzioka. Nzioka akaenda bandani, akarudi na kopo la misumari na nyundo, anatembea ameificha nyundo ubavuni mwa koti kana kwamba tusiione.

Mama Ndanu aliiona. Alisimama mwenyewe, wanawake wakamwongoza nyuma ya jiko, mmoja akamfunika masikio kwa leso, wengine wakaanza kuimba kwa nguvu. Fundi Mutiso alitoa kitambaa chake cha mfukoni akaizungushia nyundo ili isilie sana. Kwa sababu ya kile kitambaa misumari haikuingia upesi, ikabidi apige mara nyingi zaidi. Wimbo ulipofika mahali pa kuvuta pumzi, nyundo ilisikika peke yake.

Baada ya kuzika watu walikaa kula. Nilikwenda nyuma ya pikapu nikasimama huko, upande usioonekana. Mvua ilikuwa imepita juu tu ikaacha matone. Nikamsikia mtu anauliza, "Yule kijana wa pwani yuko wapi?" Akaja msichana wa miaka kama kumi na minne amebeba sahani mbili, moja imefunikia nyingine. "Mama amesema hii ni yako," akasema. "Nyama amechinja Mzee Juma wa kule chini. Mama alimwita asubuhi, akasema kwa fundi kuna Mwislamu, asikae na njaa. Amesema usiwe na wasiwasi."

Asubuhi ile. Mumewe yuko njiani anatoka hifadhi ya maiti, nyumba imejaa wageni, na yeye akakumbuka yule kijana aliyemwinamishia kichwa karakana, akatuma mtu bondeni amlete Mwislamu wa kuchinja. Huenda ilikuwa saa ile ile niliyokuwa nimesimama mbele ya taa ya kijani. Nilipokea sahani. Wali ulikuwa bado wa moto, na nyama ilikuwa ya paja. Nilikula yote, kwa kuwa kurudisha chakula kingekuwa ni kumwongezea jambo jingine siku ile, na msichana alisimama kando akingoja sahani. Sijui nilikuwa natafuna nini. Alipoondoka nilimsikia anasema kule jikoni, "Amemaliza," na sauti ya mama yake ikajibu, "Haya, vizuri."

Tuliporudi, hakuna aliyenigombeza. Kioko hakunitania wiki nzima, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko utani. Mama Kioko alikuna nazi siku isiyo Ijumaa. Fundi alipoulizwa na watu wa kinuni, maana habari zilifika kabla yetu, alisema, "Mashine ni mashine." Siku iliyofuata alinunua bisibisi ya nyota, ndefu, ya mpini wa mbao, akaitia kwenye mfuko wa vifaa bila kunitazama. Mama Ndanu sikumwona tena karakana. Mlango wake uliolegea, nilisikia, alikuja kuutengeneza fundi wa Mkongani.

Kabla mwaka haujaisha tulikwenda mazishi mengine, nyumbani kwa mzee mmoja upande wa Matuga, aliyefiwa na dada yake. Betri nilikuwa nimeifungua na kuiunga upya, nikiwa bado sijajua ugonjwa wake hasa. Kifuniko kilipowekwa, watu wametulia, Fundi akapiga magoti, akaishika drili, halafu hakuibonyeza. Akageuka nyuma akaniita kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Bakari. Betri ikoje?"

Macho yote yakanigeukia. Asubuhi taa ilikuwa imegeuka kijani mapema. Si mapema kama ile ya Lukore, lakini mapema. Maneno yakafika shingoni, yakakaa pale pale yanapokaa siku zote. Fundi alinisubiri. Hakunisaidia hata kwa neno moja.

"Si nzuri," nikasema. "Imejaa upesi. Ikijaa upesi haina kitu ndani. Tutumie mkono."

Yule mzee mfiwa, aliyekuwa ameegemea fimbo, akasema, "Haya, tumieni mkono." Basi. Mtu mmoja akasogeza kiti chake kivulini, mwingine akakohoa. Hakuna aliyekasirika, hakuna aliyecheka, na baada ya kitambo kidogo hakuna hata aliyeendelea kunitazama. Fundi alinipa bisibisi, nikapiga magoti nikaanza kukaza, mzunguko kwa mzunguko, na watu wakazungumza mambo yao taratibu wakinisubiri. Niliinamisha uso juu ya mbao zile nisiweze kuuinua. Lilikuwa jambo jepesi namna ile. Lilichukua pumzi moja, na siku ya Lukore ningeweza kulisema kabla hata pikapu haijawashwa.